Mikono ya Baridi

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba. Huku mlimani kabichi zimestawi, ila nyumba iko kimya tangu shangazi yako ahamie Turiani.

Umeuliza kama kweli ubongo ulioumia hupozwa kwa baridi. Enzi za Ujamaa babu yako aliteleza kwenye shamba la kijiji, akajigonga kichwa kwenye jiwe, akazimia. Homa ikampanda. Tukamfunika mablanketi na kukoka moto; nilidhani kumpenda ndiko huko.

Sista wa zahanati akafoka, "Mnampika! Zimeni moto!"

Siku tatu nilimkanda kichwa kwa maji ya mtoni mpaka vidole vikafa ganzi. Alipozinduka akanung'unika, "Mama Rosa, mikono yako ni ya baridi."

Bado ni ya baridi, mjukuu wangu. Hakuna tena wa kuilalamikia.

Bibi yako