Mtaa Usio na Mtu

Ndugu yangu, nimeaibika leo. Nimeaibika mbele ya watu.

Unazikumbuka zile picha za mtaa ninazopiga mlangoni pangu, begi mkononi, kila ninapofunga safari na kila ninaporudi? Miaka mitatu: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Leo nimezionyesha maktabani, ukutani, kubwa kuliko mlango. Nikaziita "Mtaa Usio na Mtu". Nikahutubia kwa madaha kuhusu upweke.

Mfagizi wa maktaba akacheka. "Mwalimu, mtu si huyo hapo juu? Shangazi yangu huyo! Anakupungia mkono."

Nikasogea. Dirisha la ghorofa ya pili, ng'ambo ya barabara: mkono umeinuliwa. Picha ya pili, mkono. Ya tisa, mvua inanyesha, mkono! Nami miaka yote nilikuwa nikitazama mawingu.

"Hutuambia ana rafiki mwenye kamera," akasema. "Ukitoka anakuaga. Ukirudi anakukaribisha."

Anakuaga! Mimi niliyekulalamikia wewe kwamba hakuna ajuaye nikiondoka wala nikirudi.

Alihamia kwa bintiye mwezi uliopita. Katika picha ya mwisho, ile niliyoisifu kuliko zote, dirisha limefungwa.

Mfagizi amenipa namba ya shangazi yake. Nimeandika "Shikamoo, ni mimi jirani wa kamera," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Mwishowe nimesimama pale pale mlangoni, nikajipiga picha, mkono juu, bila begi. Nimemtumia.

Hadi sasa tiki ni moja tu: haijamfikia.