Ndizi Zako Zimetekwa Bagamoyo

Bibi yangu, shikamoo tena na tena,

Bagamoyo imetulia hadi mbuzi wanalala kwenye ngazi za majumba ya kale ya mawe, mji ambako zamani misafara ilitua pembe za ndovu. Upepo una chumvi. Nikilamba midomo nahisi kama nimeshakula.

Ule mkungu wa ndizi ulionipa nimpelekee mwenyeji wangu haukufika. Jana niliposhuka niliketi kwenye baraza ya nyumba moja kupumzika, mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwetu wapi. Nikajibu kwa maringo, "Bigwa, Morogoro. Mimi Mluguru."

Kumbe yeye Mnyamwezi, wa uzao wa mpagazi aliyefika na msafara asirudi tena Tabora. Akaudaka mkungu!

"Watani zangu hawa! Babu wa babu yangu alipita chini ya milima yenu na pembe begani, mkamnyima hata ndizi moja. Leo nakula kwa niaba yake."

Nikavuta, naye akavuta, watu wakacheka. Mtani hashitakiwi, wewe ndiye uliyenifundisha. Akaingia nazo ndani, akatoka na wali wa nazi na pweza, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani.

Baridi ya mlimani isiguse magoti yako, Bibi. Si kila mwaka unakataa safari kwa sababu pwani huna mtu? Sasa unaye. Anasema uje mwenyewe na mkungu mwingine, maana huu ulikuwa wa babu, wake bado.

Mjukuu wako,
Zuhura