Majivu ya Magunzi na Puli ya Sigino

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie yake. Mgongo unaendeleaje? Mvua zimeshika huko Nangara? Mimi mzima, ila baridi ya Ulaya inanivalisha soksi mbili hata darasani. Leo asubuhi ukungu ulishuka mpaka madirishani mwa karakana ya chuo, nikadhani nikifungua mlango nitaliona ziwa letu, na wewe unashindilia mchanga wa kalibu za kumiminia chuma kama zamani, kabla hujaacha kusubu.

Nakuandikia habari za yale majivu. Mama alipoyafunga kwenye kopo la maziwa ulicheka: "Mtoto anavuka bahari na majivu ya magunzi! Huko hawana majiko?" Sikukuambia kwamba nataka kuyachanganya na aluminiamu iliyoyeyuka. Nilisoma kwamba yakiingia vizuri, inakuwa ngumu zaidi bila kuongezeka uzito.

Mara ya kwanza niliaibika. Majivu yaliganda mabonge, yakaelea. Kipande nilichosubu kilipopoa nikakigonga kwa nyundo, kikapasuka kama biskuti. Nikatoka nje kulia. Mwalimu wangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akanifuata.

"Uliyakausha?"

"Yalikuwa makavu, mwalimu. Yalikaa kwenye kopo."

"Majivu yanakunywa maji hewani. Yachome upya, uyachekeche, uyatie yakiwa ya moto."

Nikafanya hivyo. Niliyanyunyiza kidogo kidogo huku nakoroga bila kupumzika, kama Mama alivyonifundisha ugali. Aluminiamu iling'aa kana kwamba jua limelala mle chunguni, na kwa muda sikujua niko nchi gani. Nilisikia kuku. Nilisikia mashine za kusaga za Babati, kwa mbali. "Mimina!" akasema mwalimu, nikazinduka.

Kipande hicho tulikivuta kwa mashine mpaka kikakatika. Kilivumilia kuliko kile kisicho na majivu. Bado ni kipande kidogo tu, Baba, si puli ya kuzungusha mkanda wa mashine, na majivu yakizidi kinavunjika ovyo. Majaribio ni mengi mbele.

Halafu nilifanya jambo bila ruhusa yako. Siku ile puli uliyoisubu ilipopasuka kwenye mashine ya kusaga kule Sigino na kumvunja mwenye mashine mkono, niliokota kipande, nikaja nacho huku. Nimekikata, nikakitazama kwa hadubini. Kimejaa vitundu vya mvuke. Unakumbuka vyuma chakavu vilivyonyeshewa pale uani? Ni ule unyevu. Ulisema, "Mikono yangu imekwisha, sisubu tena." Haijaisha, Baba. Kosa lako ndilo nililofanya mimi, tena nikiwa na mwalimu pembeni na vitabu mezani.

Ukionana na yule mwenye mashine, mweleze wewe mwenyewe. Anastahili kujua kilichomuumiza.

Nisalimie Shangazi muuza maziwa wa Singe, na kaka Emanueli fundi baiskeli; huyo mwambie simu yake haipatikani. Mama mwambie nakula vizuri.

Nikija likizo nataka unifundishe kufinyanga kalibu ya mchanga. Hapa wanatumia za chuma, hakuna anayeijua kazi hiyo. Najua ulisema si ya wasichana. Ukikubali, usihangaike kunijibu barua. Washa tu tanuri. Mama ataniambia.

Binti yako,
Paskalina