Jini wa Shangazi Mwanamvua

Dar es Salaam, 3 Februari 2025

Shangazi Mwanamvua mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na jirani yako Bimdogo hajambo na maneno yake. Mimi sijambo, ila foleni za Dar zitanizeesha. Nimekubali tuandikiane kwa karatasi, maana simu ya hapo inasikilizwa na nyumba nzima, na habari za titi si za hadharani.

Umeuliza saratani imetoka wapi wakati hukujigonga popote. Maabara yetu inatafiti hayo hayo. Mwilini mna jeni zinazohama: hutoka hapa zikajipachika pale. Tumezaliwa nazo, na kwa kawaida zimelala. Zikiamka huvuruga, saratani ikapata nguvu. Basi tarehe 24 usikose upasuaji.

Mwanao,
Raya

Makurunge, 9 Februari 2025

Mwanangu Raya,

Marahaba. Sisi wazima, ila kideri kimeniulia kuku wawili. Barua nimeisoma mara tatu bila miwani, na mara moja kwa miwani ya Bimdogo. Kumbe miaka yote hiyo unasomea majini! Nami nilihisi. Ila Kiswahili umekisahau: ni "majini wanaohama", si "jini zinazohama". Nimekusamehe.

Sasa upasuaji wa nini? Umesema mwenyewe hutoka hapa wakajipachika pale. Wakinikata la kulia, si jini atahamia la kushoto? Ijumaa Mwalimu Kombo anakuja kunisomea. Ubani ninao. Hospitali siendi.

Shangazi yako

Dar es Salaam, 12 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, na usinikasirikie. Nimecheka mpaka machozi, halafu nikalia kweli. Ile ni E, Shangazi! Jeni. Mwandiko wangu ndio mbaya. Jeni ni urithi wa wazazi. Ndizo zilizotupa sote pua ya Babu. Kila jeni ina kama swichi yake. Vile vipande vinavyohama vikiamka, hujifanya swichi mahali pasipo pake, na chembe za mwili zilizotakiwa zitulie zikaanza kuzaana ovyo. Uvimbe wako ni huo. Ukitolewa mapema, haupati nafasi ya kusambaa.

Nikuambie ukweli, naogopa. Vipande vingi vya uvimbe tunavyoletewa maabara ni vya wanawake waliochelewa. Mwalimu Kombo asome, nami nitaitikia amin huku huku, lakini tarehe 24 nenda. Nakuomba.

Mwanao akupendaye,
Raya

Makurunge, 5 Machi 2025

Mwanangu Raya,

Marahaba, marahaba. Ramadhani imeingia na daktari kanikataza kufunga, basi nakunywa uji mchana kweupe na Bimdogo ananitolea macho.

Barua yako nilimpa Mwalimu Kombo. Akaisoma, akafunga kitabu chake, akasema, "Mwanamvua, jini namweza. Hii E siiwezi." Akanisomea dua ya safari, na siku ilipofika akanipeleka hospitali mwenyewe.

Titi limekwenda. Nililia siku nzima, sikufichi. Lakini daktari kasema tumewahi, uvimbe haujasambaa. Zimebaki dawa za miezi kadhaa, nitazimeza.

Kabla ya sindano ya usingizi waliniuliza kama naruhusu kipande cha uvimbe kiende kwenye utafiti. Nikatia sahihi. Wamesema hawaandiki jina, namba tu. Basi ukiinamia hadubini yako, waamkie wote humo. Hujui shangazi yako ni yupi.

Shangazi yako,
Mwanamvua