Spika Niliyoifunga Mwenyewe

Mdogo wangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mguu wa mama umepona. Sasa anakwenda dukani mwenyewe na kurudi na umbea wa mtaa mzima.

Tangu nikutoe kwenye bendi kwa kuwa gitaa lako halikusikika, anayelipiga ni binamu yetu, yule mwenye mikono kama ya mwashi. Lakini naye hasikiki, hata sauti ikifunguliwa hadi mwisho. Juzi nikapeleka amplifaya kwa fundi. Akaifungua, akauliza, "Nani kafunga spika hii? Amplifaya inataka ya ukinzani wa omu nane, hii ni ya kumi na sita. Nguvu haifiki yote."

Ilibidi niseme ni mimi. Niliifunga baada ya ile ya zamani kuungua, wiki moja kabla ya kukwambia mbele ya watu kwamba unapapasa nyuzi kama mwoga.

Fundi ameibadilisha, na sauti imerudi. Jana mazoezini niliwaeleza wenzetu wote kwamba kosa lilikuwa langu. Binamu akavua gitaa, akasema, "Basi mwiteni mwenyewe."

Nisamehe. Hata usipotaka kurudi, niandikie. Mama anauliza mbona hunipigii simu, nami bado sijapata uso wa kumjibu.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea.