Hapana Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mama ameanguka. Saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini. Alipanda stuli kubadilisha balbu — balbu ambayo nilishaibadilisha juzi! Jirani akanipigia simu masjala. Nikatoka bila kusaini daftari. Mimi, nisiyewahi kusahau kusaini.

Nyonga imevunjika. Nimeiona picha: mfupa umekatika kama chaki. Daktari wa mifupa anasema ni lazima apasuliwe, afungwe chuma, tena haraka. Mtu wa umri wake akilala sana, mapafu yanaharibika. Keshokutwa, basi.

Kaka yuko safarini na lori lake. Kwenye simu amenisihi nisilie. Silii. Naandika.

Jumanne, 5 Machi

Leo fomu. Daktari wa usingizi ndiye aliyeileta. Kijana, miwani, viatu vya plastiki, ana haraka. Wagonjwa tisa wanamsubiri kesho. “Dada, unajua kusoma na kuandika?” Nilitaka kucheka. Nikamwambia mimi ni karani. “Mungu ni mwema,” akasema, akaniachia kalamu yake, akaenda kitanda cha pili.

Kwetu masjala nafasi tupu ni marufuku. Bosi tunamwita Mzee Nukta, maana anaweza kurudisha faili kwa kukosa nukta moja, na anairudisha kwa sauti, ofisi nzima isikie. Kwa hiyo makarani tuna mtindo wetu. Maswali ya ndiyo au hapana hatuyasomi sana. Unashuka nayo tu: hapana, hapana, hapana, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kwenye ndiyo ndipo unasimama. Siku zote imetosha.

Kisukari? Hapana. Pumu? Hapana. Meno ya bandia? Hapana. Amewahi kutiwa usingizi? Hapana.

Mkono ukafika swali la kumi na moja, ukaandika. Ndipo macho yakafika: mgonjwa amewahi kusahau mambo, kupotea njia au kuchanganyikiwa?

Kalamu ikasimama. Mama alikuwa ananitazama.

— Umeandika nini hapo?
— Hapana.
— Ehee. Endelea, mwanangu.

Nikaendelea. Hapana kumi na nne, zimenyooka, hakuna hata moja iliyokwaruzwa.

Daktari aliporudi akamuuliza Mama: sindano ya mgongoni, awe macho huku miguu imekufa ganzi, au alazwe usingizi kabisa? Mama akasema, “Nilaze, baba. Sitaki kusikia nyundo yenu.” Daktari akacheka. Akapitisha macho kwenye fomu, sekunde kumi labda. “Safi. Tutakulaza.”

Nikubali hapa, maana pengine pote siwezi. Mama ni fundi wa nguo, na sare ya shule ya mteja mwezi wa kwanza aliishona mikono nyuma mbele. Ameunguza sufuria mbili. Siku moja alikwenda kununua uzi, njia ya miaka thelathini, akarudishwa na mwalimu mmoja aliyemkuta kasimama njia panda. Aliniapisha. “Kaka yako asijue. Atanihamishia kwake, nikakae kama mzigo uliosahaulika stoo.” Nikaapa. Tena nilijivunia kuaminiwa!

Jumatano, 6 Machi

Ameingizwa saa tatu, ametoka saa sita. Chuma kimekaa. Mzima! Kaka amefika na vumbi lake lote, amenikumbatia hadi nikaguna. Mama amelala, mdomo wazi kidogo. Nimemfunga leso kichwani kama anavyopenda.

Alhamisi, 7 Machi

Ananiita dada. Si mimi anayemwona, ni dada yake mkubwa, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ananiuliza kama Baba amekula. Baba, miaka tisa sasa kaburini. Nikasema amekula. Akatulia.

Kisha akaanza kushona. Hana sindano wala uzi. Anabana pindo la shuka kwa vidole viwili, anachoma, anavuta, anakata kwa meno. Anachoma, anavuta. Ameshona hivyo mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha.

Muuguzi wa zamu, tunayemwita Kengele kwa sauti yake, anasema ni dawa ya usingizi, itatoka mwilini. “Usiwe na wasiwasi, dada.” Wasiwasi mimi nimezaliwa nao.

Ijumaa, 8 Machi

Haijatoka. Amechomoa dripu, damu mpaka ukutani. Anasema kuna wanaume darini wanampima, wanataka kumkata kama kitambaa kibaya. Tulimkuta amefungwa mikono kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Mikono ile!

Kaka alipaza sauti. “Aliingia humu anajua vipimo vya watoto wa mtaa mzima, kwa jicho tu, bila futi! Ametoka hanijui mimi! Mmempa nini?” Kengele naye hakubali kuonewa: “Punguza sauti, kaka, humu si stendi. Tungemwacha aanguke tena, ungesemaje?” Akamfungua hata hivyo, akamchoma sindano ya kumtuliza.

Bibi wa kitanda cha jirani, mguu juu kwenye kamba, akasema: “Mwacheni fundi ashone. Shuka za humu zote zimechanika, angalau tumepata mtu.” Tukacheka. Hata Kaka akacheka. Baadaye nilimkuta kwenye ngazi, amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikashuka kwa ngazi nyingine.

Jumapili, 10 Machi

Kaka anataka kulalamika. Kwa maandishi. Anasema kuna kitu yule kijana wa usingizi alikosea, dawa ilizidi, au hewa ilipungua, na kichwa cha Mama ndicho kinacholipa.

— Wewe ndiye msomi. Wapige barua mpaka waione.
— Pengine ni umri, Kaka.
— Umri? Jumapili iliyopita aliongea na mimi kwenye simu robo saa. Kuna kitu alikosea?

Hakukosea kitu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, namnong’oneza majina ya wajukuu.

Nimeiandika. Ukurasa mmoja na nusu. “Mama yetu aliingia hospitalini akiwa na akili timamu.” Mkono haukutetemeka hata kidogo, hilo ndilo linalonitisha. Kaka amesoma mara mbili. “Hapo umewapata,” akasema, akanipigapiga mgongoni kama nimefaulu mtihani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeipeleka. Karani wa mapokezi akagonga muhuri: IMEPOKELEWA. Naujua mlio ule. Naupiga mara hamsini kwa siku. Kitu kikishapokelewa kina namba, na chenye namba hakirudi mfukoni.

Mzee Nukta ameniruhusu kutoka mapema wiki nzima. Hakuuliza mengi. Alisema mama yake yeye pia alipasuliwa, kisha akarudisha faili la mtu kwa kukosa tarehe.

Jumatano, 13 Machi

Mama hali chochote ila uji vijiko vitatu. Akichomwa ile sindano ya kumtuliza, sasa ya kila jioni, analala; akiamka yuko mbali kuliko jana. Leo hata kushona hakushona. Macho tu.

Nilimkuta daktari wa usingizi nje ya chumba cha upasuaji, anakula mkate mkavu amesimama. Barua ameshaisoma. Nilijua kwa alivyonisalimia. Nikamuuliza kama mtu asiye na lake: dawa ya usingizi inaharibu ubongo?

Akanieleza, tena kwa upole. Si dawa peke yake. Mfupa kuvunjika, maumivu, kupasuliwa, kukosa usingizi wa kweli, kukaa mahali pageni. Ubongo wa mzee unatikiswa na vyote hivyo pamoja. Wengi hurudi baada ya siku chache. Wengine wiki, miezi. “Wanaoumia zaidi ni wale ambao walikuwa wameanza kusahau kabla. Hao tunawatunza kwa namna nyingine. Mama yako hakuwa hivyo, ndiyo maana hata mimi sielewi.”

Nikamwambia. Yote — sare, sufuria, njia panda. Nilikuwa natazama viatu vyake.

Hakukasirika! Laiti angekasirika. Alifunga mkate kwenye karatasi, taratibu. “Nilitakiwa kumuuliza mwenyewe. Ataje miezi ya mwaka kinyumenyume, dakika mbili tu. Nilikuwa na tisa siku ile, na fomu yako ilikuwa nadhifu kuliko zote.”

Nikamuuliza: ningeandika ndiyo, angekuwa sawa leo? Akasema hajui. Huenda angemlaza vilevile, na kuna wanaosema kati ya kulazwa na ganzi hakuna tofauti kubwa. “Lakini nisingekubali ile sindano ya jioni. Ile kwa mtu kama yeye ni kumzamisha. Waambie wauguzi leo hii, dada. Kwa ajili yake. Mimi nimeitwa mbele ya kamati ya malalamiko Jumatatu, kwa barua yenu, hilo la kwangu niachie.”

Nilimwambia Kengele. Kwa sauti ndogo, pazia limevutwa. Hakunitazama. Akaandika kwenye kadi ya Mama mistari miwili, akapiga mstari chini yake. “Mngesema, jamani,” akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikusikika kitanda cha pili.

Kaka bado hajui.

Jumamosi, 16 Machi

Siku tatu bila sindano ile. Wamemhamishia kitanda cha dirishani. Nimemletea miwani yake — siku zote hizi ilikuwa kwenye mkoba wangu, nikiogopa itavunjika! Wanamkalisha kwenye kiti asubuhi na mchana. Kengele anamwambia kila saa leo ni siku gani, kwa sauti ya kumwamsha hata maiti.

Na leo kanijua. “We mtoto, umekonda.” Hivyo tu. Nikajifanya naokota kitu chini ya kitanda.

Kisha akauliza Baba yuko wapi, mbona haji kumwona. Yuko macho kabisa, miwani usoni, anasubiri jibu. Sikuweza kudanganya tena, nikasema. Alilia kama aliyepata habari leo. Maana kweli ameipata leo. Mimi nimemfiwisha upya, saa tano asubuhi, juani.

Kaka akaleta sindano na uzi, amchangamshe. Mama akaishika sindano kama kitu cha mtu mwingine. Akaigeuza. Akajaribu kuingiza uzi upande wa ncha. Akajaribu tena. Akaniwekea mkononi, akafuta vidole kwenye kanga. Kaka alikuwa ananitazama mimi. “Unaona walichomfanyia?”

Nilifungua mdomo. Nikasema naenda kuchota maji.

Daktari wa usingizi anasema kutakuwa na siku njema na siku mbaya. Mengine yatarudi.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika hapa hapa, benchi la nje ya chumba cha kamati. Bora kuandika kuliko kukaa mikono mitupu. Kaka ameingia. Daktari naye ameingia, koti limepigwa pasi. Alinipa salamu, akapita. Hajamwambia mtu kuwa nilimwambia — nimejua kwa jinsi Kaka alivyompita bila kumtazama, na kwangu mimi hana hata swali.

Mama yuko pembeni yangu kwenye kiti cha magurudumu. Kaka ndiye aliyetaka aletwe. “Wamwone kwa macho yao.” Na leo, kati ya siku zote, amepambazuka! Amesalimia kila anayepita. Amenieleza mkunjo wa suruali ya mhudumu ulivyokosewa, na kweli umekosewa. Kaka alipomwona hivyo alifurahi, halafu akakunja uso, kama mtu aliyeharibiwa ushahidi.

Mlango ni mbao nyembamba. Sauti ya Kaka inapenya. Anasema kijana huyu asiguse mgonjwa tena. Anasema Mama alikuwa mzima kuliko yeye. Daktari akaulizwa jambo. Akajibu chini chini, sikusikia ila mwisho: “... nilitegemea fomu.” Karatasi zinafunuliwa.

“Muulizeni mdogo wangu,” anasema Kaka. “Yeye ndiye anayeishi naye. Yuko hapo nje.”

Mama naye kasikia. Amenivuta mkono wa kushoto, karibu na mdomo wake.

— Wakikuuliza, mimi nilikuwa mzima. Sawa, mwanangu?

Mume wake kafa, hakumbuki. Uzi unaingia wapi, hakumbuki. Hili analikumbuka.

— Mama, yule kijana atafukuzwa.
— Yupi?
— Aliyekulaza.
— Kijana wa watu. Alinicheka vizuri.

Amelainisha pindo la kanga magotini. Nikadhani amesahau tulichokuwa tunazungumza. Kisha:

— Ukisema, kaka yako atanichukua.

Mlango umefunguliwa. Mhudumu ananiita. Nimesema nakuja, namalizia mstari.

Mama hajauachia mkono. Ananiangalia kupitia miwani, macho safi, na ndani yake naona hofu. Ni yangu hasa, sikujua nimeirithi kwake.

Nimeitwa mara ya pili. Kaka katokeza kichwa. “Njoo, mdogo wangu, waambie tu ulichokiona.”

Nimesimama. Mkono wangu Mama bado kaushika —