Wimbo Wenye Nafasi ya Jina

Jumapili, Julai 1957. Mpanda.

Upepo tangu asubuhi, na moshi wa nyasi zinazochomwa huko porini. Jua lipo lakini halina nguvu. Nimekaa barazani kwa Mzee Athumani, mwenye duka hapa Kawajense, pembeni mwa mji, nimevaa koti la bendi, koti jeupe ambalo siku hizi weupe wake ni wa kusimuliwa. Bendi yenyewe haipo. Imekwenda Inyonga bila mimi.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani utaratibu haupo.

Tulishuka kwenye treni juzi Ijumaa, watu saba: tarumbeta, saksafoni, magitaa mawili, besi ya sanduku la chai, ngoma, na mimi mwimbaji. Huu ni mwezi wa tatu tuko njiani. Tunapiga kwenye vyuo vya ualimu na shule za kati muhula unapokaribia kwisha, wakati wakuu wao wako radhi kutuona. Majengo yamenichanganyikia. Kila mahali kuna kipande cha reli kinachogongwa badala ya kengele, kila mahali bwalo linanuka maharage, na kila mahali wavulana wamepangwa kwenye mabenchi na wamekatazwa kucheza. Tunawapigia rumba nao wametulia kama wako kwenye mtihani. Ukiangalia chini ya benchi ndipo utaona miguu haijakubali.

Tena tunapiga mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja, halafu wanachuo wanakwenda kula na kusali. Anayedhani maisha ya bendi ni taa za rangi na wanawake, aje tupande naye lori.

Sinung'uniki. Nasema ilivyo. Mke wangu aliniandikia kutoka Tabora kwamba barua zangu siku hizi zinafanana na matangazo ya bomani: tumefika, tumepiga, tunaondoka. Nilisoma barua yake nikaona hakukosea, nikamjibu kwamba tumefika Urambo, tumepiga, tunaondoka.

Sasa, habari ya wimbo.

Tuna wimbo mmoja unaotubeba kuliko nyingine zote. Niliutunga mimi. Maneno yake ni machache: aliyenishika mkono ni nani, aliyenionyesha herufi ni nani, halafu jibu, ni mwalimu fulani, asante baba. Pale penye fulani nimepaacha wazi. Tukifika chuo chochote, kabla hatujafungua hata masanduku, mimi nazunguka kuwauliza wanachuo wanataka nimtaje nani. Jina likiwa refu nalibana, likiwa fupi nalivuta. Mwalimu aliyetajwa anainamisha kichwa kwa haya, wavulana wanapiga makofi, mkuu wa chuo anatabasamu na kutuandikia barua ya kututambulisha chuo kinachofuata. Kesho yake jina limenitoka, na nafasi iko wazi tena.

Nimewasifu walimu wengi kuliko mkaguzi wa shule, na sikumbuki sura ya hata mmoja.

Jana zamu ilikuwa ya chuo kilicho nje kidogo ya mji, upande wa Ilembo. Niliwakuta wanachuo watatu wanafua mashati kwenye tangi la maji. Nikawauliza kama ninavyouliza siku zote. Walitazamana kwanza. Halafu mmoja, mrefu, mwenye povu hadi kwenye viwiko, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba nimtaje Mwalimu Gervas. Nikauliza anafundisha nini, nikaambiwa hesabu. Basi. Sikuuliza la pili. Nilikuwa na njaa na nilitaka kujua chakula kiko wapi.

Saa kumi tukaupiga. Nilipofika kwenye jina, bwalo zima likasimama.

Hawakupiga makofi. Walisimama wima, mikono pembeni, wakaanza kuimba nasi, asante baba, asante baba, kwa sauti ya kifuani. Bwana Songoro, kiongozi wetu mwenye tarumbeta, akanikonyeza turudie. Tukarudia. Tukarudia tena mara ya tatu na ya nne. Mkuu wa chuo, Mzungu mrefu aliyekaa mbele, alichukua kofia yake akatoka, na walimu wakamfuata mmoja mmoja. Sisi tukadhani wamekwenda kunywa chai.

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nilifurahi. Mwili ulinisisimka kama siku ya kwanza niliposhika kipaza sauti. Miezi mitatu nilikuwa kama mtu anayeangalia bendi ya watu wengine ikipita, na jana kwa robo saa nilikuwa ndani yake. Nilidhani wanashangilia sauti yangu.

Aliyetueleza ni mpishi wa chuo, mzee wa Kibende, alipotuletea maharage. Alituuliza kwanza kama tuna akili.

Kumbe Mwalimu Gervas amezuiwa kufundisha wiki ya pili sasa. Asubuhi moja wanachuo walikataa kwenda kulima shamba la chuo. Mkuu akasema hiyo ni siasa, na kwamba kuna mtu anayewatia maneno, na mtu mwenyewe ni Gervas, kwa kuwa ndiye wanayempenda. Jumatatu, yaani kesho, anakuja afisa wa elimu kuamua kama afukuzwe au arudishwe darasani. Gervas aliwaaga vijana kwa ombi moja tu: mpaka afisa aje, wasilalamike, wasikusanyike, wasilitaje jina lake popote, ili ionekane kwamba si yeye anayewaendesha. Wakatii. Wiki mbili chuo kizima kimefunga mdomo. Halafu nikaja mimi na nafasi yangu ya jina.

Mpishi akamalizia, "Na sasa mkuu anasema Gervas ndiye aliyewaita nyie."

Wenzangu waliendelea kula. Mimi maharage yalinishinda.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipokwenda nyumbani kwake. Ni mtu mfupi, Mfipa, anaongea polepole. Alikuwa amegeuza baiskeli miguu juu, anaziba pancha. Nilijitambulisha, nikamweleza jinsi ninavyofanya kazi yangu, kwamba jina lolote lingeweza kuingia pale, kwamba sikumjua wala sikumtafuta. Nilitegemea anifokee. Alinisikiliza huku akisugua mpira wa gurudumu kwa msasa, kisha akasema:

"Ndugu yangu, hayo uliyoniambia mimi kamwambie mkuu. Hivyo hivyo. Usipunguze, usiongeze."

Nikamwambia mkuu ataniuliza nani alinipa jina.

"Mwambie. Wale ni watu wazima, mwakani watakuwa walimu."

Nikamwahidi. Njiani kurudi nilijiona mtu mwema, na sijui kwa nini, maana nilikuwa bado sijafanya lolote.

Leo asubuhi baada ya ibada yao nilikaribishwa ofisini. Mkuu anaongea Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Karani alikaa pembeni na mashine ya kupiga chapa. Nilieleza kila kitu: miezi mitatu njiani, wimbo mmoja, nafasi moja, majina mengi. Nikaona uso wake unalegea. Nilikuwa nakaribia kumaliza. Ndipo akauliza nani alinipa jina la Gervas.

Nikamwona yule mrefu mwenye povu mikononi. Nikawaza atafukuzwa leo leo. Ikanijia huruma, na huruma yenyewe ilinijia kwa kasi kwa kuwa nilikuwa sijaizoea siku nyingi.

Nikasema hakuna mwanachuo aliyenipa. Nikasema nililisikia jina hilo kwenye treni, abiria wawili walikuwa wanalitaja.

Karani akapiga chapa. Nikasomewa. Nikatia sahihi, Ramadhani bin Feruzi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mkuu alisubiri wino ukauke. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi nyingine, akaiweka kando ya yangu. Wanachuo watatu walikuja kwake alfajiri, kabla hata ya ibada, kabla hawajaitwa na mtu. Walisema wao ndio walionipa jina, kwenye tangi la maji, na kwamba Mwalimu Gervas hakujua lolote. Wametia sahihi wote watatu.

"Hawa wanasema walikupa," akasema. "Wewe unasema hawakukupa. Kuna mtu amewapangia maneno ya kusema, na amesahau kuwapangia yanayofanana."

Nilifungua mdomo nimweleze, na nilijua la kusema, lakini alikwisha simama kunifungulia mlango. Akaniambia kwa adabu kwamba afisa atazisoma karatasi zote mbili kesho saa tatu asubuhi.

Hivyo ndivyo nilivyompalia mtu makaa mara mbili kwa siku mbili. Jumamosi kwa kutojali, Jumapili kwa kujali.

Lori lilikuwa linaondoka saa saba mchana. Ni lori la mfanyabiashara wa nta na asali, linakwenda tupu na kurudi limejaa, kwa hiyo linatuchukua. Kesho bendi inapiga Inyonga, shule ya kati. Nilimweleza Bwana Songoro yote, hata la treni. Alisikitika kweli. Ni mtu mzuri, tumekula naye miaka sita. Lakini alisema sisi ni wapiga muziki, si mawakili, na nikirudi kule nitayakoroga zaidi. Mpaka hapo nilipokuwa nimefika, alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Nikapanda. Nilikaa juu ya magunia matupu yanayonata nta, ngoma katikati ya miguu. Tulipofika hapa Kawajense dereva alisimama kununua mafuta ya taa. Wenzangu walikuwa wanapanga nani aimbe sauti ya pili kesho. Mimi nikaanza kutafuta, kwa mazoea tu, jinsi nitakavyowauliza vijana wa Inyonga jina la mwalimu wao.

Nikaona aibu. Sina neno zuri zaidi. Aibu ilinishika shingoni kama mkono wa mtu.

Nikashuka. Bwana Songoro aliniambia, bila ukali, "Rama, ukishuka hapa usihesabu tena nafasi yako." Nikamjibu kwamba nimesikia. Mpiga saksafoni atashika nyimbo zangu. Sauti yake ni ya mtu anayeita mbuzi, lakini wa Inyonga hawajanisikia mimi, hawatajua tofauti.

Lori likaondoka. Vumbi lilipotulia nilikuwa mtu mmoja mwenye koti jeupe katikati ya barabara. Mzee Athumani akaniuliza kutoka dukani kama nimepotea. Nikamwambia natafuta pa kulala usiku mmoja. Akanionyesha mkeka stoo, kati ya magunia ya chumvi, akaniambia nitalipa kwa kuwaimbia wajukuu zake. Sikumwambia kwamba kwa sasa kuimba kumeniponza.

Kisha nikaenda kwa Mwalimu Gervas kwa miguu.

Hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwaona wale vijana watatu. Nilimkuta mkewe, Mama Yustina, anafunga mizigo sebuleni. Nyumba ni ya chuo. Mumewe akifukuzwa kesho, kabla ya jua kuzama wawe wametoka, warudi kwao Ufipa. Alikuwa amefunga magodoro kwa kamba, na vyombo vya jikoni amevikusanya ndani ya shuka kubwa, masufuria, sahani na mwiko, akafunga fundo juu. Habari ya karatasi mbili ilikuwa imemfikia. Kwenye mji kama huu habari haihitaji baiskeli.

Nilibaki nimesimama mlangoni. Nikamweleza ilivyo: kwamba mume wake aliniambia niseme kweli, na mimi kwa kujitia hodari nikasema uongo na kuutia sahihi. Kwamba kesho kabla ya saa tatu nitakuwa mlangoni kwa mkuu, nitamwambia afisa kwamba nilidanganya, niseme na sababu, na kama watanipeleka bomani wanipeleke. Kwamba bendi imeondoka, kwa hiyo sina pengine pa kwenda hata nikitaka.

Hakunipa pole wala hakunilaumu. Alikaa juu ya godoro lililofungwa, akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa.

"Kaka, wewe kesho utakuwepo kweli?"

"Nitakuwepo."

"Lakini watakuamini?"

Nikamwambia sijui. Hilo ndilo jibu pekee la kweli nililolitoa leo bila kulifikiria. Afisa atakuwa na karatasi yenye sahihi yangu mkononi, na mbele yake mtu yule yule akisema karatasi ni ya uongo. Mimi mwenyewe nisingejua nimwamini yupi. Nitakachoweza kufanya ni kusimama pale na kusema, bila gitaa nyuma yangu.

Mama Yustina aliinuka. Alifungua fundo la shuka, akachomoa sufuria moja, akaipeleka jikoni kubandika maji ya ugali wa jioni.

Kisha akarudi, akalifunga tena lile fundo.